Kijito kikipata moto Oktoba: kivuli, maji, au bwawa la juu?

Samaki wangu hawakufa saa nane mchana jua likiwa utosini. Walikufa alfajiri. Mlinzi aliniamsha kabla ya saa kumi na moja, nikakuta tilapia wamejipanga kwenye mdomo wa bomba la kuingizia maji, vinywa juu, wakimeza hewa. Kipimajoto nilichokuwa nimekifunga kwa kamba kilisoma nyuzi 24. Jana yake saa tisa alasiri, kamba ileile, mahali palepale, kilikuwa kimesoma 31. Kufikia saa mbili asubuhi tulikuwa tunaokota mizoga kwa ndoo. Waliobaki wazima ni kambale tu, ambao hata tope huwatosha kwa kuwa wanajua kupanda juu na kuvuta hewa.

Bwawa lile liko nje ya Lubumbashi, upande wa barabara ya Kasenga, na linalishwa na kijito ambacho mtu mwenye miguu mirefu anakiruka. Tangu siku ile nimepima, nimepanda miti na mingine nikaiua kwa ujinga wangu, na nimekorofishana na majirani kisha tukapatana. Sasa kila ukaribiapo mwezi wa kumi watu huniuliza: tufanye nini maji yasipate moto? Majibu makubwa ni matatu na kila moja lina washabiki wake. Wa kivuli husema panda miti ukingoni. Wa maji husema uache mto uwe na maji yake. Wa bwawa husema jenga kizuizi huko juu, uhifadhi maji, uyatoe ya chini yaliyo baridi. Nitayaweka kando kwa kando. Nina upande wangu na sitauficha.

Joto linaua kwa njia gani

Tilapia wetu si samaki wa baridi. Tilapia wa Nile hunenepa vizuri kwenye nyuzi 25 hadi 30, na anaweza kuvumilia joto kubwa kuliko hilo. Mtu akisoma habari za Marekani, ambako mito ya salmoni na trauti ya pwani ya magharibi hupangiwa viwango vya nyuzi 16 au 18, anaweza kucheka: maji yetu ya Julai tu ndiyo yanayokaribia hapo. Kwa hiyo namba zao tuwaachie wenyewe. Kanuni iliyo chini ya namba hizo ndiyo inayotuhusu.

Maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji matamu yenye nyuzi 20 hushika miligramu 9.1 za oksijeni. Yakifika nyuzi 30 hushika 7.6. Lubumbashi iko juu, mita 1,200 na zaidi, hewa ni nyepesi, kwa hiyo toa kama asilimia 13: kwa nyuzi 30 unabaki na miligramu 6.5 hivi, na hapo ni maji safi yaliyotulia bila kitu cha kuyapunguzia. Samaki naye, joto likipanda nyuzi 10, mwili wake huhitaji oksijeni karibu mara mbili. Ghala linapungua, walaji wanaongezeka njaa. Usiku mwani wa kijani huacha kutoa oksijeni na huanza kuitumia, tope la chini lililopashwa moto mchana kutwa linaoza kwa kasi, na ghala hufika chini kabisa kabla ya jua kuchomoza. Ndiyo maana mizoga tunaiona asubuhi na lawama tunaipa mchana.

Kuna na amonia, ile inayotokana na kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki. Sehemu yake yenye sumu huongezeka maji yakipata moto: kwa maji yenye pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya 8, kutoka nyuzi 20 hadi 30 sehemu hiyo huwa karibu mara mbili. Haionekani wala hainuki mapema, na wengi hulaumu uchawi wa jirani.

Oktoba inakutanisha mambo mawili. Ndio mwezi wa joto kuliko yote hapa, na ndio mwisho wa kiangazi kilichoanza Mei, mito ikiwa imekonda kabisa, mvua ya Novemba bado. Mvuvi mmoja mzee aliyenikuta nahesabu mizoga alisimama, akatazama kijito, akasema: "Mutoto yangu, haiko juwa njo inauwa samaki. Mayi njo inaisha." Wakati ule niliona ananifariji tu. Sasa naona alikuwa ananipa hesabu, na hesabu yenyewe ni hii. Jua la adhuhuri hutupa karibu wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba. Maji ya kina cha sentimita 20 yakilipokea lote bila kupoteza kitu yatapanda nyuzi 4 na kidogo kwa saa. Yakiwa na kina cha sentimita 60 yatapanda nyuzi moja na nusu tu. Jua ni lilelile. Kilichobadilika ni wingi wa maji ya kugawana nalo.

Kivuli

Hapa ndipo pesa na jasho langu vilianzia, na ndipo wengi huanzia, kwa sababu mti unauona. Ushahidi wake ni mzito. Oregon, kule Marekani, katika miaka ya 1960 walikata msitu wote wa bonde moja dogo hadi ukingoni mwa kijito ili wapime kitakachotokea. Kiwango cha juu cha joto la mwaka kilikuwa nyuzi 14. Mwaka mmoja baada ya kukata kilifika 29. Mvua na hewa zilikuwa zilezile, ila paa la majani halipo. Ukitembea leo juu ya vijito vinavyoizunguka Lubumbashi, ukapita pale makala, yaani mkaa wa kupikia, yalipomaliza mushitu, yaani ule msitu mzito unaofuata maji, huhitaji kwenda Oregon.

Lakini kivuli kina siri mbili ambazo wauza miche hawazisemi.

Ya kwanza: kivuli hakipozi maji. Kinazuia yasipate moto zaidi. Maji yakifika kwako yakiwa tayari na nyuzi 29, mita 100 za miti shambani mwako hazitayarudisha 23. Mti wenye faida kwa samaki wako umesimama kwa jirani wa juu, na jirani wa juu ndiye anayechoma makala. Ukitaka kivuli, anza kupanda kutoka chemchemi ukishuka, usianze kwako ukipanda.

Ya pili inahusu mahali tulipo duniani. Vitabu vya Ulaya na Marekani vinasisitiza miti ya ukingo wa kusini, kwa sababu kwao jua la adhuhuri huwa upande wa kusini. Sisi tuko kama nyuzi 11 na dakika 40 kusini mwa ikweta, na katika wiki ya mwisho au ya tatu ya Oktoba jua la saa sita hupita juu kabisa ya kichwa. Kivuli cha mti kinaanguka miguuni pake. Mti mrefu uliosimama mita nne kutoka majini unayapa kivuli chake majani makavu, haumpi samaki. Kinachotakiwa ni matawi yanayoinama juu ya maji yenyewe. Mimi nilipanda mistari miwili iliyonyooka vizuri, mbali kidogo na ukingo "ili mizizi isiharibu", ikapendeza kama barabara ya mjini, na kipimajoto kikanicheka.

Mti gani? Musafwa, mzambarau wa porini, umenifaa kuliko yote. Unapenda miguu majini, hauachi majani yake, na unainama wenyewe kufuata mwanga ulio juu ya kijito. Miti mingi ya porini kwetu huwa uchi Agosti na Septemba kabla haijachipua majani yake mekundu, kwa hiyo wakati unaihitaji inakuwa inavaa nguo. Mikaratusi iache kabisa ukingoni. Inakua haraka, kweli, lakini majani yake yananing'inia kama tai za shingoni, kivuli ni chepesi, na kiu yake unaisoma kwenye kina cha kijito. Kwa haraka, miaka miwili ya mwanzo, matete na migomba hufunika kijito cha mita moja vizuri kuliko mche wowote. Mbuzi watakula musafwa mchanga kabla ya migomba, kwa hiyo zungushia miiba.

Muda ni miaka minne au mitano hadi paa likutane. Gharama ya pesa ni ndogo, gharama ya kulinda ni kubwa. Sheria iko upande wako: Kanuni ya Misitu ya Kongo ya mwaka 2002 inakataza kufyeka miti ndani ya mita 50 kila upande wa mto na ndani ya mita 100 kuzunguka chemchemi. Sijaona jirani aliyeacha makala kwa kusomewa sheria, lakini chifu akiwa nayo mkononi mazungumzo huwa mafupi.

Onyo moja: nasema kijito, sisemi bwawa. Bwawa la tilapia linahitaji jua, maana chakula chake cha bure ni ule ukijani wa maji. Majani yakijaa humo yanaoza na kula oksijeni ileile unayoitafuta. Kona moja yenye kivuli inatosha.

Maji yenyewe

Upande huu hauna picha nzuri ya kupiga. Hakuna kitu cha kuzindua. Ni kuacha tu maji yapite, na kuacha ni kazi ngumu kuliko kujenga.

Pima kwanza. Chagua kipande kilichonyooka cha mita 10, tupa chungwa bovu, hesabu sekunde. Kijito changu Oktoba ile: upana mita 1, kina sentimita 20, chungwa likachukua sekunde 100. Hiyo ni lita 20 kwa sekunde. Toa moja ya tano kwa kuwa maji ya chini huenda polepole kuliko chungwa, unabaki na lita 16, sawa na 960 kwa dakika. Sasa geuka uitazame pampu ya petroli ya inchi 3 iliyoko kwa jirani. Ikiwa haipandishi maji juu sana, hutoa karibu lita 1,000 kwa dakika. Pampu moja. Ilikuwa inakunywa mto wangu wote, na hata ikifanya kazi kwa nusu ya nguvu zake, inakuachia nusu ya mto. Na nusu ya mto inapata hasara mara mbili: kina kimepungua, na mwendo umepungua, kwa hiyo maji membamba yanakaa juani muda mrefu.

Nilikwenda kwa mwenye pampu nikiwa na hasira na namba. Ni mama mmoja mwenye bustani ya kabichi na lengalenga (mchicha), anauza soko la Kenya, lile la hapahapa Lubumbashi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniwekea kiti, akasema: "Papa, weye uko na samaki, miye niko na batoto ku masomo." Nilinyamaza. Hekta moja ya mboga katika kiangazi inataka kama milimita 5 za maji kwa siku, yaani lita 50,000. Kwa mkebe wa kumwagilia wa lita 10 hiyo ni mizunguko 5,000. Ungekuwa wewe, ungeacha pampu?

Tulichokubaliana, baada ya vikao vitatu na kreti moja ya soda, si kuacha bali saa. Pampu zote za kijito kile hazingurumi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Wakati huo jua ndilo lina nguvu, mto unahitaji uzito wake wote, na bustani zenyewe maji mengi ya adhuhuri huishia hewani. Wanamwagilia jioni na asubuhi. Mama wa kabichi alisema mwenyewe, mwaka wa pili, kwamba petroli imepungua. Mimi nilichotoa upande wangu ni kuziba lango langu la kuingizia maji saa hizohizo, isipokuwa samaki wakionyesha dalili. Hilo ndilo lililowafanya wakubali. Mtu hawezi kuhubiri maji huku bomba lake la inchi 6 liko wazi.

Sehemu ya pili ya upande huu ni maji ya chini ya ardhi, nayo ndiyo kiyoyozi cha kweli. Maji ya chemchemi hutoka yakiwa na joto linalokaribia wastani wa hewa wa mwaka mzima, na wastani wa Lubumbashi uko kwenye nyuzi 20 na kidogo. Kiangazi kizima, Juni ya baridi na Oktoba ya moto, yanatoka vilevile. Chukua kijito chenye lita 10 kwa sekunde kwa nyuzi 29, kikutane na chemchemi ya lita 5 kwa nyuzi 21: unapata nyuzi 26 na theluthi. Hakuna mti unaofanya hivyo. Na chemchemi hizo hulishwa na dembo, yale mabonde ya nyasi yenye majimaji ambayo watu huyaona ni ardhi ya bure. Ukilichimbia dembo mitaro ili upande mahindi, maji yanakimbia Machi badala ya kukungoja Oktoba. Kijito chetu kina dembo mbili juu. Moja ilishakatwa mitaro kabla sijafika. Tembea kijito pekupeku saa nane mchana na utaihisi ile nyingine kwenye nyayo kabla hujaiona: hatua tatu za maji ya uvuguvugu, kisha ghafla baridi ya mtungi.

Gharama ya pesa kwa upande huu ni karibu sifuri. Muda wa kuona matokeo: siku ileile. Udhaifu wake ni mmoja na ni mkubwa. Unategemea watu. Mwenye pampu mpya akinunua shamba huko juu, vikao vinaanza upya, na soda tena.

Bwawa la juu

Wenye pesa kidogo huja moja kwa moja hapa. Jenga tuta, zuia maji ya mvua, Oktoba uyafungulie. Wanataja mabwawa makubwa ya nje, na kweli mfano upo: bwawa la Shasta huko California, lenye urefu wa mita 183, liliwekewa mwaka 1997 mtambo wa kuchagua kina cha kutolea maji, ili salmoni wa mto Sacramento wapelekewe maji baridi ya chini bila kupoteza umeme. Uliwagharimu dola milioni 80.

Tuta lako lina mita mbili. Hapo ndipo ulinganisho unapovunjika. Maji hujipanga matabaka, moto juu na baridi chini, pale yanapokuwa na kina cha kutosha upepo na usiku visiyachanganye. Bwawa la mita moja na nusu hujipanga mchana na huchanganyika usiku. Hata ziwa la Tshangalele, nyuma ya bwawa la Mwadingusha, pamoja na upana wake wote lina kina cha wastani cha mita chache tu. Ulichojenga ni sahani kubwa ya kuotea jua. Kila hekta ya maji hayo hupoteza hewani milimita 5 au zaidi kwa siku ya kiangazi, sawasawa na bustani ya kabichi ya hekta moja, tofauti ni kwamba hapa hakuna kabichi. Na maji yakimwagika kupitia juu ya tuta, unampelekea aliye chini yako tabaka la moto kuliko yote.

Ikiwa bwawa lako lipo tayari, na mabwawa ya samaki tunayo tangu zamani, kwani Kipopo nje kidogo ya mji palikuwa mahali pa majaribio ya tilapia tangu miaka ya 1940, basi usilibomoe. Tazama mlango wake. Wafugaji wa Kongo wana kile wanachokiita moine, mnara mdogo wa zege uliosimama mbele ya tuta, una mifereji mitatu ya wima mbavuni. Kwenye mfereji wa kwanza unateleza wavu, kwenye wa pili na wa tatu unapanga mbao, katikati ya safu mbili za mbao unashindilia udongo wa mfinyanzi. Watu wengi huacha maji yamwagike juu ya ubao wa mwisho. Badala yake, toa ule udongo wa katikati, acha nafasi ya kiganja chini ya safu ya mbele, na safu ya nyuma ndiyo ishike kimo cha maji. Sasa yanayotoka yameingilia chini. Mchana wa Oktoba nimepata tofauti ya nyuzi 3 kati ya maji ya juu na ya chini kwenye bwawa langu, kwa kazi ya saa moja na ubao mmoja.

Ila maji ya chini yana ubaridi na hayana pumzi. Yamekaa na tope, oksijeni ni kidogo, wakati mwingine yananuka yai bovu. Ukiyatoa moja kwa moja kwenye kijito, umemwokoa samaki na joto ukamnyonga. Yaangushe juu ya mawe, ngazi mbili tatu za nusu mita, yapige kelele. Kelele ya maji ni oksijeni inaingia.

Utajuaje upande wako

Kabla ya kununua mche, petroli au saruji, nunua kipimajoto cha kawaida, kifunge jiwe. Kwa siku tatu zenye jua, pima saa tisa alasiri na tena saa kumi na moja alfajiri, mahali patatu au panne: karibu na chemchemi kadiri unavyoruhusiwa kupanda, mpakani unapoingia kwako, katikati, na unapotoka. Andika kwenye daftari, si kwenye kichwa.

Joto likiruka ghafla kwenye kipande kimoja kisicho na miti, mita 300 tuseme, huku chungwa likionyesha maji hayajapungua, basi tatizo lako ni paa na jibu ni kivuli, hapohapo na si kwingine. Likipanda taratibu kijito kizima, na chungwa linachoka kila unaposhuka, hakuna mti utakaokusaidia Oktoba hii. Kaa na wenye pampu. Likiruka baada ya tuta au bwawa la mtu, shughulika na mlango wa bwawa hilo. Na likiwa juu tangu chemchemi, nenda ukatazame dembo limefanywa nini.

Alfajiri nayo ina habari yake. Maji yakishuka nyuzi 6 au 7 usiku, samaki wanapata mapumziko, na hofu yako iwe oksijeni. Yasiposhuka, maji yamekuwa mengi na mazito kama ziwa, au kuna mtu anakumwagia maji ya moto huko juu.

Nikilazimishwa kupanga, mimi naweka maji kwanza, kivuli pili, mlango wa bwawa tatu, na bwawa jipya mwisho kabisa. Rafiki yangu mwenye shamba upande wa Kiswishi anapanga kivuli kwanza, na ana sababu: yeye ndiye wa juu kabisa, chemchemi iko uani kwake, hana wa kumnyang'anya. Kwake yuko sahihi. Kwa aliye chini na ana majirani kumi juu yake, kuanza na miti ni kukwepa vikao.

Kwa mito mikubwa sitasema mengi. Huwezi kuifunika Luapula kwa musafwa. Huko kinachowezekana ni kulinda midomo ya vijito baridi vinavyoingia, maana samaki wa mto wenye moto hujazana hapo kama watu mlangoni mwa msiba. Kafubu nao, unaopokea maji machafu ya mji na mabaki ya shaba, una ugonjwa mwingine wa kutibu kabla ya joto. Na asije mtu akasema joto ndilo lililomaliza kila samaki aliyepotea. Mpumbu, yule waliyemwita salmoni wa Luapula kwa jinsi alivyopanda mto kwa makundi wakati wa mvua kwenda kutaga, alikamatwa njiani na mayai yake tumboni hadi makundi yakakatika katika miaka ya 1940. Hapo zilizoua ni nyavu.

Ikiwa Oktoba imeshafika

Umechelewa kwa miti, na kikao hakijaitishwa. Punguza chakula cha samaki kwa nusu, na siku ya moto sana usiwape kabisa. Chakula kisicholiwa ni oksijeni inayooza. Usitie samadi bwawani wiki hiyo. Vuna wakubwa mapema, uza au kaushia moshi, ghala lihudumie wachache. Kwenye kijito, chimba vishimo viwili vitatu vya kina cha kiuno mahali penye mkondo, weka matawi yenye majani juu yake. Badilisha ubao wa moine. Elekeza bomba la kuingizia maji lianguke kutoka juu kwenye jiwe, lisiingie kimyakimya. Na ulale bwawani siku mbili tatu, uamke saa tisa usiku na tochi. Samaki wakianza kupanda juu wakati huo una saa mbili za kufanya kitu.

Mwaka jana niliamka hivyo siku nne. Tatu hapakuwa na kitu, vyura tu. Ya nne walikuwa juu, nikafungua lango la maji, nikatuma kijana kwa mama wa kabichi, ambaye alikuwa tayari ameamka anafunga mafungu yake ya sokoni. Hakuuliza swali. Alizima pampu, akaja na mkebe wake wa kumwagilia, akaanza kumwaga maji bwawani kutoka juu ya tuta, mkebe baada ya mkebe, hadi kukapambazuka. Nilipoteza samaki kumi na wawili. Sita kati yao nilimpa, akasema ni wadogo.